Maneno ya Bosi

Hakuna mashindano makali duniani kama ya wazazi wenye watoto wadogo. Afadhali hata ndondi, maana kule kuna refa. Mzazi mmoja akisema wake ameota jino, mwenzake atasema wake ameota mawili na wala hakulia. Wa tatu, ambaye wake ni kibogoyo mpaka leo, atameza mate kidogo, kisha atasema wake anatembea. Huo si uongo, jamani. Ni kutia chumvi tu, na chumvi haijawahi kumuua mtu kwa siku moja.

Mama Bosi alikuwa msusi kwenye saluni yenye viti vinne, vioo vinne, feni moja, na Madamu aliyemiliki vyote hivyo pamoja na upepo wa feni. Kazi ya kusuka ina jambo lake: mikono inahangaika, mdomo umekaa bure, na mteja ameinamishwa kichwa tangu asubuhi mpaka alasiri, hawezi kukimbia. Kwa hiyo anaongea. Na mwanamke mwenye mtoto mdogo ukimpa nafasi ya kuongea kutwa nzima, hataongea habari za mumewe wala za kazini kwake. Ataongea habari za mtoto. Amekula nini, amekataa kula nini, amekojoa wapi, amemwambia nini bibi yake mbele ya wageni. Mama Bosi aliyasikia hayo kichwa baada ya kichwa, mpaka angeweza kukutajia mtoto wa nani anaogopa sabuni na wa nani halali bila kukumbatia kiatu.

Bingwa wa mashindano alikuwa mteja mmoja aitwaye Mama Pacha. Pacha wake, kwa maelezo yake mwenyewe, hawakuwa watoto bali maajabu. Waliacha nepi karibu na siku waliyojifunza kukaa. Jioni walijipeleka kitandani wenyewe, asubuhi waliamka wanatabasamu, na wakiwekewa mboga za majani waliomba waongezewe. Wenzake walimsikiliza wakiwa wamekunja midomo, kila mmoja anamkumbuka wake aliyemwaga uji kwenye simu asubuhi ile.

"Na wako je, Mama Bosi? Anasemaje siku hizi?"

Hilo ndilo swali lililomchoma. Binti yake alikuwa ametimiza miaka mitatu, na wa nne ulikuwa njiani. Mtoto mzuri, mnene, mwenye mashavu ya kufinywa, na hakuwa amesema neno hata moja. Si mama, si baba, si maji. Nyumba aliitawala kwa kidole. Akikinyoosha kwenye birika, chai inakuja. Akikielekeza mlangoni, mlango unafunguliwa. Akimwonyesha bibi yake kiatu kilichotupwa uvunguni, bibi anapiga magoti, na magoti yenyewe mabovu. Ndipo baba yake akamwita Bosi, jina likaganda, na mama yake akaitwa kwa hilo hilo mtaa mzima.

Walikaa vyumba viwili vyenye pazia katikati. Baba Bosi alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala, na mlinzi wa usiku hulala mchana. Mama yake mzazi, aliyehamia kwao ili amtunze mjukuu, alikuwa na wimbo mmoja kutwa: nyamaza, baba amelala. Kijiko kikianguka, nyamaza, baba amelala. Jogoo wa jirani akiwika, naye aliambiwa hivyo hivyo kupitia dirishani. Mtoto akalelewa hivyo, ananyata kama mwizi ndani ya nyumba ya mlinzi.

Kliniki walimpeleka. Nesi alimwita kwa nyuma, Bosi akageuka. Akagonga sahani ya bati, akageuka tena. "Masikio mazima, ulimi mzima," nesi akasema. "Msemesheni sana, mpeni muda, halafu mnirudishie nimwone." Baba Bosi alitoka pale ameridhika kabisa. Kwa maoni yake mtoto hakuwa na tatizo, alikuwa na adabu. Mama mkwe naye alitoa ushahidi: "Hata huyu baba yake alichelewa, mpaka watu wakakata tamaa. Na alipoanza kusema, mwanangu, mpaka leo sijalisikia lile alilokuwa analisubiri."

Mama Bosi alicheka nao, lakini moyo wake ulikuwa unaungua. Alitaka kuitwa mama. Alitaka tu kuitwa, hata kwa kufokewa, hata kwa kuombwa kitu asichokuwa nacho. Mchana kutwa wanawake wengine walimlalamikia jinsi watoto wao wanavyowaita mpaka masikio yanauma, mama hiki, mama kile, naye anaitikia "pole jamani" huku anavuta uzi wa nywele kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Basi siku hiyo Mama Pacha alipouliza, na wengine wawili wakainua vichwa kusikiliza, Mama Bosi akafungua mdomo ili aseme "bado." Lilitoka jingine.

"Jana ameniuliza," alisema, "mama, jua likizama, linalowa?"

Saluni ikaangua kicheko. Mama Pacha alicheka mpaka kichwa kikamponyoka Mama Bosi mikononi. "Linalowa," alirudia akijifuta machozi. "Mtoto wa miaka mitatu huyo?" Mama Bosi akaitikia kwa unyenyekevu, kama watu wanavyoitikia sifa wasizostahili, kwamba ndivyo alivyo, maswali tu kutwa.

Ukianza kudanganya kwa ajili ya mtoto, hutaishia njiani. Wiki iliyofuata wateja waliingia wanauliza Bosi amesema nini tena, wengine hata kabla ya kusalimia. Mama Bosi hakuwaangusha. Bosi alisema kwamba baba anawalinda watu wakilala, halafu wao nyumbani wanamlinda baba akilala. Bosi aliuliza kwa nini watu wazima wakisema "tutaona" huwa hawaonyeshi kitu. Maneno hayo yalitoka saluni yakaenda sokoni, yakapanda ngazi za ofisini, yakamrudia Mama Bosi mwenyewe kwa mdomo wa muuza vocha, ambaye alidai yamesemwa na mpwa wake.

Na hapa ndipo mambo yalipokolea. Pale saluni kulikuwa na desturi ya Madamu: wasusi walikula pale Madamu aliposikia njaa. Madamu alikuwa mwanamke wa kunywa chai nzito saa nne na vitafunwa vyake, kwa hiyo njaa yake ilichelewa sana. Wasusi walinung'unika chooni, wakanung'unika njiani, lakini mbele yake walikuwa mabubu. Mama Bosi ndiye aliyekuwa mwoga kuliko wote, kwani mshahara wa mlinzi unajulikana. Sasa siku moja, tumbo linanguruma mpaka mteja analisikia, Mama Bosi akasema huku anacheka, "Jamani Bosi ataniua. Jana nimerudi nakula kama nimefukuzwa, ameniuliza, mama, kwenu kazini njaa humshika Madamu peke yake?"

Wasusi wote waliganda. Madamu naye aliganda, chanuo mkononi. Kisha akapasuka kwa kicheko, akampiga Mama Bosi begani, akasema huyo mtoto ana kichwa, aletwe amnunulie biskuti. Kuanzia kesho yake wakawa wanakula adhuhuri. Neno ambalo watu wazima watatu walilimeza miaka nenda miaka rudi, mtoto bubu alilimaliza kwa sentensi moja.

Jioni, akimwogesha Bosi kwenye beseni, Mama Bosi alimpa taarifa. Ilianza kama mzaha. "Leo umesema hivi na hivi, mwanangu. Watu wamecheka sana. Madamu amesema una kichwa." Bosi alimwangalia kwa macho makubwa, povu puani, kidole kimeelekezwa kwenye taulo. "Umesema, eti?" mama aliuliza. "Umesema?" Mara nyingine sauti ilimkatika, akasingizia sabuni. Nesi alisema wamsemeshe mtoto, naye alikuwa anamsemesha, ila kila siku alikuwa anamsimulia mtoto mwingine.

Wakaanza kudai kumwona. Mlete, Mama Bosi, mlete tumsikie kwa masikio yetu. Mama Bosi akatoa mafua. Mafua yakaisha, akatoa meno. Meno yakaisha, akampeleka kwa shangazi, na huyo shangazi hakuwepo duniani. Mama Pacha alianza kusema kwa sauti ya utani yenye mwiba ndani kwamba watoto wengine bwana wanasikika kuliko wanavyoonekana. Njia ya mwongo ni fupi, na Mama Bosi alikuwa anauona mwisho wake kutoka pale aliposimama. Wakijua, watamcheka yeye, hilo angelivumilia. Lakini watamhurumia Bosi, watasema "maskini," watamtazama kwa jicho lile. Na Madamu atajua njaa ile ilikuwa ya nani.

Siku yenyewe ilikuja bila hodi. Ilikuwa Jumamosi, viti vyote vimejaa, Mama Pacha amesukwa nusu ya kichwa na nusu nyingine imesimama wima. Mama mkwe alikuwa amekwenda kumwona dada yake mgonjwa. Baba Bosi naye akapigiwa simu: mlinzi wa mchana ameteguka mguu, aende akamshikie zamu. Mtu afanye nini? Akavaa sare, akamvalisha mtoto gauni kinyume, vifungo mbele, akamleta kwa mama yake kazini. Alisimama mlangoni, mrefu, kofia mkononi, Bosi begani.

"Samahani jamani," alisema. "Namwacha huyu."

"Ndiye Bosi?" Madamu aliuliza.

"Ndiye."

Mama Bosi aliona dunia inazunguka na feni ikazunguka nayo. Wanawake waliinuka na taulo zao mabegani, mwingine ana dawa kichwani inayotakiwa kuoshwa sasa hivi, wakamzunguka mtoto kama amekuja waziri. Mmoja akamwambia Baba Bosi, "Hongera, baba. Una mwanafalsafa ndani ya nyumba."

Baba Bosi hakuwahi kulisikia neno hilo. Kwa jinsi lilivyokuwa refu, alidhani ni ugonjwa. "Ahsante," alisema kwa huzuni. "Nesi amesema tumpe muda, atapona."

Walicheka mpaka wakashikana. Kumbe baba naye ni wale wale, walisema, maji hufuata mkondo. Baba Bosi alimtazama mkewe kumwuliza kuna nini, na mkewe akainamia kichwa cha Mama Pacha kama vile kitanyakuliwa na mwingine asipokishika.

Wakamkalisha Bosi juu ya kiti cha Madamu mwenyewe. Akapewa biskuti. Akaulizwa anaitwa nani, akatafuna. Akaulizwa baba anafanya kazi gani, akatafuna. Akaulizwa kama anampenda mama, akageuza biskuti akaanza upande wa pili. "Anatupima huyu," alisema mwenye dawa kichwani, ambayo sasa ilikuwa imeanza kumwasha. Mama Bosi alikuwa anajibu kwa niaba: ana aibu, ana usingizi, akiona watu wengi huwa hivyo. Mstari aliokuwa anausuka ulienda kombo.

"Hebu nikuulize mimi," alisema Mama Pacha. Hakuweza kugeuka, kwa hiyo alimwangalia mtoto kupitia kwenye kioo. "Si wewe uliyesema jua likizama linalowa? Eh? Si umesema wewe?"

Bosi aliacha kutafuna. Alimtazama yule mwanamke wa kwenye kioo kwa hasira za mtu aliyesingiziwa jambo kila siku ya maisha yake, tena akiwa ndani ya beseni.

"Sijasema," alisema.

Sauti ilikuwa nzito kidogo, kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Lakini neno lilikuwa zima, halina kigugumizi. Ndiyo hasara na faida ya Kiswahili: mtoto akianza na neno moja, linaweza kuwa sentensi nzima, na kesi nzima, na hukumu ndani yake.

Saluni iliripuka. Huyu anakana peupe kama mwanasiasa, walisema, mnamwona? Sijasema! Mwenye dawa alikimbilia kwenye bomba la maji huku anacheka na kulia pamoja. Mama Pacha alijipiga mapajani kwa viganja, akasema hili limeyashinda yote, hili atalisimulia mpaka kufa.

Mama Bosi hakucheka. Chanuo lilikuwa limemponyoka. Furaha ilikuwa imempanda kooni, kubwa, imekaa vibaya, na hakuweza kuimeza wala kuitema. Alikuwa amelisubiri neno hilo miaka, angekuwa nyumbani angepiga kelele mpaka paa liinuke, na sasa amelipata mbele za watu ambao kwao mtoto huyu alikuwa ameshasema maneno mia. Anyamaze basi? Alichekee kama kichekesho cha kawaida, kisha aendelee na mstari? Alimtazama mwanawe, gauni kinyume, chenga za biskuti kidevuni, akaona hapana. Neno hili halitawekwa kwenye hesabu ya yale mengine.

"Ndiyo kwanza anasema," alisema.

"Eti nini?"

"Hilo ndilo neno lake la kwanza. Tangu azaliwe."

Wakacheka upya. "Mama Bosi nawe kwa uongo," alisema Mama Pacha, "mtoto ameupata wapi kama si kwako?" Siku ya kwanza anasema kweli, ndiyo siku aliyoitwa mwongo.

Ila mmoja wao akamwona Baba Bosi. Alikuwa bado pale mlangoni. Kofia imeanguka chini na hakuiokota. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kola ya sare, hayafuti, anamwangalia mtoto tu. Mtu mzima mwenye rungu kiunoni halii hivyo kwa ajili ya kichekesho. Kicheko kikapungua, kikabaki kwa mmoja, naye akajishtukia akanyamaza.

"Na yale ya jua?" Mama Pacha aliuliza polepole.

"Mimi."

"Na ya baba kulindwa?"

"Yote ni mimi."

Madamu aliweka kikombe chake mezani. "Na lile la njaa," alisema, "ni wewe uliyenitukana kwa mdomo wa mtoto."

Wasusi wengine walitazama sakafu. Mama Bosi alijua jibu linalotakiwa, maana alikuwa amelitoa miaka yote: samahani Madamu, sitarudia. Lilikuwa tayari ulimini. "Sikukutukana, Madamu," alisema. "Nilikuwa na njaa."

Madamu alimtazama, uso haumwambii mtu kitu. "Basi siku nyingine," alisema, "njaa yako ije na mdomo wake yenyewe. Mtoto asibebeshwe." Akachukua kikombe, akaona chai imepoa, akakirudisha. Hakusema afukuzwe wala abaki, na hakuna aliyethubutu kuuliza.

Baba Bosi alikuwa ameshamchukua mtoto, wametoka, wamekaa kwenye ngazi ya nje. Zamu ilikuwa inamsubiri, naye kwa mara ya kwanza maishani alikuwa ameisahau. Kupitia mlangoni, Mama Bosi alikiona kisogo cha binti yake kikitikisika, na akasikia sauti. Hakusikia maneno, kelele za barabarani zilikuwa nyingi. Alisikia sauti tu, ile nzito kidogo, inapanda na kushuka. Akaokota chanuo. Mkononi alikuwa na nusu ya kichwa cha mteja, na kichwa hakiachwi nusu. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya msusi. Akashika shungi, akaligawa mara tatu, akaanza kusuka huku amekaza shingo kuelekea mlangoni.

"Unanivuta," alisema Mama Pacha.

"Samahani."

Mama Pacha alimtazama kwenye kioo. Halafu akaushika mkono wa msusi, akautoa kwenye nywele zake, akauweka pembeni. "Nenda," alisema.

"Kichwa chako je?"

"Kichwa changu kitakwenda wapi? Nenda ukamsikilize mwanao." Akasita, akashusha sauti. "Na mmoja wa wangu, kama unataka kujua, bado anavaa nepi."

Mama Bosi alitoka na chanuo mkononi. Akakaa kwenye ngazi upande wa pili wa mtoto, wakambana katikati. Bosi alikuwa ameshika kifuniko cha soda na alikuwa anakieleza jambo refu, lenye makosa ya watu wengine ndani yake, ilionekana, maana alikuwa anakunja uso na kunyoosha kidole. Humo ndani huenda mlikuwa na "baba," huenda mlikuwa na "hapana," mengine yote yalikuwa uji mtupu. Mama Bosi hakuelewa kitu. Aliinama mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wenye chenga za biskuti.

"Ehe," alisema. "Ikawaje?"

Bosi akaanza tena kutoka mwanzo, na mama yake akasikiliza, asiongeze hata neno moja la kwake.